Maktaba ya Gemu: Nani Anaazima, na Mali ni ya Nani?

Siku hizi vijana wetu wana msemo mpya. Kijana anasema, "Mimi nina maktaba ya gemu." Mzazi akisikia neno maktaba anafurahi, anadhani mtoto amepata vitabu. Kumbe maktaba hiyo haina rafu, haina meza, haina kitabu hata kimoja. Imo ndani ya simu, au ndani ya kompyuta, au ndani ya ile mashine ya kuchezea inayofungwa kwenye televisheni.

Katika madarasa yetu ya Bunda, Butiama na hapa Musoma tumeulizwa maswali mengi juu ya jambo hili. Gemu hizo zinanunuliwaje? Mtoto mmoja akinunua, ndugu zake nao wanaruhusiwa kucheza? Rafiki yake je? Na kwa nini kijana akimpa mwenzake neno la siri, baada ya wiki mbili wanafika kwa mwenyekiti wa kitongoji kushtakiana? Maswali haya si ya kitoto. Ni maswali ya fedha, na fedha hiyo mara nyingi imetoka kwenye dagaa, kwenye pamba, au kwenye mfuko wa mama.

KWANZA TUKIJUE KITU CHENYEWE

Gemu ni mchezo unaochezwa kwenye kioo. Upo mchezo wa mpira wa miguu, zipo mbio za magari, upo hata mchezo wa kulima shamba kwa trekta. Ukitembea mjini Musoma hukosi kukuta kibanda cha gemu. Vijana wawili wameshika vidude vya kubonyeza, wengine wako kwenye benchi wanangoja zamu. Pale kibandani kugawana ni rahisi. Unalipa, unacheza, unampisha mwenzako. Ni karibu na bao chini ya mti. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alipenda sana kucheza bao. Katika bao hakuna anayeuliza ubao ulinunuliwa na nani. Anayefika anakaa, anayefungwa anainuka.

Zamani karibu kila gemu ya mashine ilikuja katika sahani inayong'aa, ambayo vijana huiita sidii. Gemu ilikuwa kitu. Kitu unakishika, unakiazima kwa jirani, unakiuza ukiishiwa. Ni sawasawa na jembe. Jembe likiwa kwa jirani, wewe huna jembe. Akirudisha, unalo tena. Hakuna la kueleza zaidi.

Siku hizi gemu nyingi hazina sahani. Unalipa kwa njia ya mtandao, katika duka ambalo hulioni. Duka linaandika jina la gemu katika akaunti yako. Akaunti ni nini? Wanachama wa chama cha ushirika wanaielewa upesi. Katika daftari la chama kila mkulima ana ukurasa wake, wenye jina lake, namba yake, na kilo za pamba alizoleta. Akaunti ya gemu ni ukurasa wa namna hiyo. Orodha ya gemu zote zilizoandikwa katika ukurasa wako ndiyo maktaba yako. Lakini angalia: daftari lenyewe haliko kwako. Liko dukani.

Hapa ndipo penye jambo kubwa, na tunaomba msomaji asome polepole. Ukilipia gemu ya namna hii hukununua gemu. Umenunua ruhusa ya kuicheza. Ndugu zetu wavuvi wa Mugango na Majita wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mvuvi analipia leseni ya uvuvi. Leseni ina jina lake. Anavua, anauza, anakula. Lakini leseni haimfanyi kuwa mwenye ziwa. Ziwa halikununuliwa.

Tatizo ni kwamba maduka yameandika neno "nunua" kwenye kitufe cha kulipia, na watu wameamini kwamba wamenunua. Hata Wazungu wenyewe wamelalamika. Mwaka 2024 jimbo la California huko Marekani lilitunga sheria juu ya jambo hilo. Inasema duka lisiseme "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Ilianza kutumika mwaka 2025. Steam, ambalo ni duka kubwa la gemu za kompyuta, lilianza kuonyesha tangazo hilo kwa wateja wake Oktoba 2024.

UGOMVI WA MWAKA 2013

Watu hawakuiachia sahani bila kelele. Mwaka 2013 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza mashine mpya iitwayo Xbox One. Ikasema hata gemu ya sahani itafungwa kwenye akaunti, na kuiazima au kuiuza kutakuwa na masharti. Wachezaji wakakasirika. Kampuni ya Sony ya Japani, inayotengeneza PlayStation, ikaona nafasi yake. Ikatoa filamu fupi sana ya kufundisha jinsi ya kumwazima mtu gemu. Mtu mmoja anamkabidhi mwenzake gemu mkononi. Mwenzake anasema asante. Basi, somo limekwisha. Watu wakacheka dunia nzima. Tarehe 19 Juni mwaka huo huo Microsoft ikafuta masharti yale.

Tumeisimulia habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba masharti ya kuazimana hayakutoka mbinguni. Yanatungwa na watu wa kampuni, na yanaweza kubadilishwa. Lakini kwa gemu isiyo na sahani, nguvu bado iko kwa mwenye daftari. Na sahani zenyewe zinapungua. Tangu mwaka 2020 zinauzwa mashine za PlayStation na Xbox zisizo na tundu la sahani kabisa. Mzazi anayenunua mashine iliyotumika, Mwanza au Musoma, aangalie kama tundu lipo. Bila tundu, sidii zote za jirani hazimsaidii kitu.

MLANGO WA FAMILIA

Sasa tujibu swali lenyewe. Je, inaruhusiwa kugawana maktaba ya gemu? Ndiyo, inaruhusiwa, lakini kwa mlango ambao duka limeufungua. Mlango huo huitwa familia.

Tuchukue Steam. Kuanzia mwaka 2014 duka hili liliruhusu mtu kuwaazima wengine maktaba yake. Lakini lilikuwa na sharti la ajabu. Mtu mmoja akicheza gemu moja, maktaba nzima inafungwa kwa wengine. Yaani kaka anasoma kitabu kimoja, na nyumba yote ya vitabu imepigwa kufuli! Septemba 2024 wakaleta mpango mpya. Sasa watu hadi sita wanaweza kuwa familia moja. Gemu nyingi za kila mmoja zinaonekana kwa wote. Kaka akicheza mpira wa maktaba yake, dada anaweza kucheza mbio za magari za maktaba hiyo hiyo wakati huo huo. Ila gemu moja iliyolipiwa mara moja huchezwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wakitaka wawili kuicheza pamoja, kila mtu na kompyuta yake, ilipiwe mara mbili. Na kila mmoja anatunza alama zake na mahali alipofikia. Mdogo hawezi kuharibu safari ya mkubwa.

Watu sita! Kwetu Mara watu sita ni mwanzo wa kuhesabu. Lakini duka halihesabu ukoo. Linasema familia ni watu wa nyumba moja, na wawe katika nchi moja. Kwa hiyo shemeji aliyeko Muscat haingii, hata kama ndiye aliyetuma fedha ya kununulia kompyuta. Na usijaze nafasi ovyo kwa kuwaonea marafiki haya. Mtu mzima akitoka katika familia hawezi kujiunga na nyingine mpaka utimie mwaka mmoja tangu alipojiunga na ile ya kwanza. Hata nafasi aliyoiacha huweza kukaa hadi mwaka kabla ya kujazwa.

Lipo sharti jingine ambalo vijana hawalisomi. Mtu wa familia akicheza gemu yako kwa udanganyifu, kwa mfano akitumia programu ya kumsaidia kulenga shabaha, anafungiwa. Na wewe mwenye gemu unafungiwa nawe katika gemu hiyo. Utalalamika, "Si mimi!" Hawasikii. Ukimwazima mtu mtumbwi wako akaenda kuvulia kokoro, maofisa wa uvuvi wakimkamata, mtumbwi unaoshikwa ni wa nani? Basi ni hivyo hivyo. Kabla ya kumwandika mtu katika familia yako, jiulize kama ungempa mtumbwi.

Nintendo ya Japani nayo ilileta njia yake mwaka 2025. Sisi tunaiona imefanana na maktaba ya kweli kuliko nyingine zote. Unamwazima ndugu wa familia gemu kwa siku 14. Katika siku hizo wewe huwezi kuicheza. Siku zikiisha gemu inarudi yenyewe, wala hakuna kutumana mtoto kwenda kudai. Wakutubi wetu wangependa vitabu vijifunze tabia hiyo.

Kwenye simu, Google na Apple wana mipango ya familia ya watu sita kila mmoja. Lakini mara nyingi vitu vinavyonunuliwa ndani ya gemu, kama nguo za mchezaji au sarafu za kuchezea, havigawanywi. Hubaki kwa aliyenunua. Na gemu nyingi za simu ambazo watoto wetu wanacheza, kama Free Fire na eFootball, ni za bure. Hizo hazina haja ya kuazimana. Kila mtu apakue yake.

KUPAKUA NAKO KUNA GHARAMA

Tumetaja neno kupakua. Maana yake ni kuivuta gemu kutoka mtandaoni hadi ndani ya mashine yako. Watu wengi wanadhani wakigawana gemu wamegawana gharama yote. Sivyo. Wamegawana bei ya gemu tu. Kifurushi cha intaneti kila mashine inakula chake.

Tufanye hesabu. Kaka ana gemu ya mpira yenye GB 45. Gemu kubwa za siku hizi hufika hapo na kuzidi. Dada na mdogo wao nao wanaitaka, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Mashine 3 mara GB 45 ni GB 135. Sasa chukua bei ya GB 1 ya kifurushi unachonunua wewe, zidisha kwa 135. Je, bado ni ya bure? Wakati mwingine ni nafuu ndugu watatu wakae kwenye mashine moja kama zamani. Tena watasalimiana.

NENO LA SIRI SI LA KUAZIMA

Sasa tunafika mahali ambapo watu wanaumia. Kijana hataki masharti ya familia. Ana rafiki yake wa kufa na kuzikana. Anamwandikia kwenye karatasi jina la akaunti na neno la siri, ambalo wao huliita pasiwedi. Anasema, "Ingia tu, cheza."

Tuseme kijana huyo ni wa kijiji cha ziwani, ameuza dagaa msimu mzima. Amelipia gemu 3. Gemu mpya ya mashine kubwa huuzwa hata dola 70 za Marekani, nyingine zaidi. Zidisha mwenyewe kwa bei ya dola ya siku hiyo uone ni debe ngapi za dagaa. Rafiki anaingia, anacheza. Siku moja wanagombana kwa sababu ya msichana au kwa sababu ya deni la soda. Rafiki anabadilisha neno la siri, anabadilisha na anwani ya baruapepe. Asubuhi mwenye akaunti anaandika neno lake, duka linamwambia hatumjui. Gemu 3 zimekwenda, na hakuna mlango uliovunjwa.

Je, sheria haipo? Ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mwenzake bila ruhusa. Lakini fikiria utakavyojieleza polisi. Ruhusa alipewa na nani? Kwa mkono wa nani? Na ukiliandikia duka, litakuuliza kwanza kwa nini ulimpa mtu mwingine neno la siri, maana masharti yao yanakataza. Umeanza kesi ukiwa na kosa mfukoni.

Wapo pia wanaouza nafasi kwenye akaunti. Wanasema, "Lipa robo ya bei, nitakupa neno la siri la akaunti yenye gemu hii." Anayenunua anaona amepata. Kesho muuzaji anawauzia wengine watano neno hilo hilo, au anaifunga akaunti na kupotea. Tunasema waziwazi, hiyo si biashara ya kuaminika. Kwa wachezaji wa PlayStation kuna ugumu wa ziada. Hadi mwaka 2024 Tanzania haikuwamo katika orodha ya nchi ambazo Sony inafungulia akaunti zake. Kwa hiyo vijana wengi huandika nchi nyingine wanapojiandikisha. Siku ya matatizo mtu anatakiwa athibitishe kwamba yeye ni mkazi wa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

Ikiwa neno la siri limeshatoka, fanya haraka siku hiyo hiyo. Anza na baruapepe, kwa sababu ndiyo ufunguo wa akaunti zote. Badilisha neno lake la siri. Kisha badilisha la akaunti ya gemu. Kisha tafuta mahali palipoandikwa kutoka katika vifaa vyote, ubonyeze. Washa pia ulinzi wa hatua mbili. Kwa ulinzi huo, mtu akiingia kwa kifaa kipya, duka linataka namba inayotumwa kwako. Namba hiyo usimtajie mtu. Na kama neno la gemu linafanana na namba yako ya siri ya M-Pesa au Airtel Money, usisubiri jioni.

RAFIKI AFANYEJE BASI?

Wengine watasema tumekuwa wachoyo. Hapana. Rafiki aje nyumbani. Mashine moja, vidude viwili vya kubonyeza, mnacheza pamoja na hakuna sharti mlilovunja. Steam tangu mwaka 2019 ina njia nyingine. Mwenye gemu anafungua mchezo kwake, anamwalika rafiki aliye mbali, wanacheza pamoja hata kama rafiki hakuilipia gemu. Njia hii ni ya gemu zile tu ambazo watu wengi wanaweza kuzicheza kwenye kioo kimoja, na inataka mtandao wenye nguvu. Kwa vijiji vyetu vingi mwaliko wa miguu bado ni wa uhakika zaidi.

Sidii halisi unaweza kumwazima rafiki. Kuinakili na kuuza nakala ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakataza.

Kwa watoto, mpango wa familia unampa mzazi madaraka. Katika Steam mtu mzima anaweza kupanga mtoto acheze saa ngapi na aone gemu zipi. Mtoto akitaka gemu mpya anatuma ombi, mkubwa ndiye anayelipa au anayekataa. Mzazi asiache kijana wa miaka 14 ndiye awe mkubwa wa familia hiyo kwa sababu tu anajua kubonyeza. Kaa naye, mwambie akusomee kila sharti kwa sauti. Wewe sasa unajua kusoma. Pale anaporuka mstari, mrudishe.

MWENYE MAKTABA AKIFA

Swali hili liliulizwa na mama mmoja darasani, na watu wakanyamaza. Kijana akifariki, ndugu wanagawana baiskeli, redio, nyavu na nguo. Je, maktaba yake ya gemu?

Mwezi Mei 2024 mteja mmoja aliwauliza Steam swali hilo hilo. Alitaka kujua kama anaweza kuandika katika wosia kwamba akaunti yake apewe mtu. Wakamjibu kwamba haiwezekani. Akaunti haihamishwi, hata kwa wosia. Aliyeilipia akiondoka, ruhusa yake imeondoka naye, hata kama alilipa kwa miaka 20. Turudi kwa mvuvi: mtumbwi unarithiwa, nyavu zinarithiwa, leseni yenye jina la marehemu hairithiwi.

Kwa hiyo wanandugu wakikaa kikao cha mirathi, mashine yenyewe iandikwe katika orodha. Sidii ziandikwe pia, zihesabiwe moja moja. Hizo ni mali, na yatima anaweza kuzicheza au kuuziwa akapata ada ya shule. Maktaba iliyoko mtandaoni isiandikwe kama mali, wala isikadiriwe bei, wala mtu asikatwe fungu lake kwa kuambiwa kwamba amepewa hiyo.